Dhoruba ya jua huonekana siku mbili kabla: kwa nini athari yake kwenye ncha za dunia hutabiriwa saa moja tu kabla?

Mwanafunzi_Kasapa (Lubumbashi)

Salamu kwenu nyote. Ninaandaa kazi yangu ya kumaliza masomo ya fizikia hapa Lubumbashi, na mada niliyopewa ni namna upepo wa jua unavyoathiri angahewa ya juu ya ncha za dunia, hasa iwapo athari hiyo inaweza kutabiriwa. Mambo ya msingi ninayafahamu: jua hutoa bila kukoma mkondo wa protoni na elektroni, ambao kwa kawaida huenda kwa mwendokasi wa kati ya kilomita 300 na 800 kwa sekunde, na kwa kilomita 400 kwa sekunde safari ya kutoka huko hadi kwetu huchukua siku nne na kitu. Wingu la plazima (gesi yenye chaji ya umeme) ambalo jua hulitupa kwa nguvu linaweza kufika mapema zaidi. Lile la Septemba 1859, ambalo mmweko wake ulionwa na Richard Carrington kwenye darubini yake, lilifika kabla saa 18 hazijatimia.

Kinachonitatiza ni hiki. Siku hizi mawingu hayo hupigwa picha na setelaiti mara tu yanapoondoka kwenye jua, kwa hiyo tuna siku moja, mbili au hata tatu za kujiandaa. Hata hivyo, karibu kila modeli ya ionosfia ya ncha (tabaka la angahewa ya juu lenye chembe za umeme) ninayoikuta hudai kwanza vipimo vya chombo kilichoko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, na utabiri wake hauvuki saa moja hivi. Je, tatizo ni udogo wa kompyuta, ni uchache wa vyombo, au kuna jambo katika fizikia yenyewe linalotufungia njia?

La pili aliniuliza msimamizi wangu mbele ya wenzangu, nami sikuwa na jibu: mtu wa Katanga ana shughuli gani na ncha za dunia?

Mama_Fizikia_Katuba (Lubumbashi)

Ndugu mwanafunzi, jibu fupi la swali lako la kwanza ni kwamba picha hizo hazionyeshi mwelekeo wa ugasumaku uliomo ndani ya wingu, na mwelekeo huo ndio unaoamua karibu kila kitu.

Kamera inayopiga picha hizo huziba duara la jua ili ione mwanga hafifu unaotawanywa na elektroni za korona, yaani angahewa ya nje ya jua. Inachopima, kwa hiyo, ni wingi wa elektroni: tunaona umbo la wingu, upana wake, na kwa kulinganisha picha mfululizo tunakadiria mwendo wake. Ugasumaku haumo kwenye picha. Ni sawa na kuona kwa mbali vumbi la lori linalotoka Kasumbalesa: unajua linakuja, unaweza kukisia litafika saa ngapi, lakini limebeba nini utajua likifika kwenye kizuizi na turubai likafunuliwa.

Sasa, kwa nini mwelekeo una uzito kiasi hicho? Mwaka 1961 James Dungey alieleza kwamba upande wa dunia unaolikabili jua, ugasumaku wetu huelekea kaskazini, na kwamba ugasumaku wa upepo wa jua ukija ukielekea kusini, mistari ya pande hizo mbili hukatika na kuungana upya. Hilo hutokea kwenye mpaka wa magnetosfia (eneo linalotawaliwa na ugasumaku wa dunia), ambao siku za utulivu huwa kiasi cha kilomita 65,000 kutoka kitovu cha dunia. Baada ya kuungana, mstari mmoja huwa na mguu wake kwenye ncha ya dunia na mwili wake ndani ya upepo wa jua, na upepo huo huuburuta juu ya ncha hadi upande wa usiku. Mburuto huo, ukiutazama kutoka chini kwenye ionosfia, ni volti: siku tulivu tofauti ya volti kutoka upande mmoja wa eneo la ncha hadi mwingine ni makumi ya kilovolti, na katika dhoruba kali inaweza kupita kilovolti 150. Upepo uleule, kwa mwendokasi uleule na msongamano uleule, ukija na ugasumaku unaoelekea kaskazini, sehemu kubwa ya nishati hiyo haiingii.

Ndiyo maana modeli inayotumiwa tangu 2011 na idara ya hali ya hewa ya Marekani, iitwayo WSA-Enlil, hueleza wingu litafika lini na kwa mwendokasi gani, lakini haielezi ugasumaku uliomo ndani yake. Na hata saa ya kufika yenyewe hukosewa kwa wastani wa kiasi cha saa 10, mbele au nyuma. Tazama dhoruba ya Mei 2024. Mawingu kadhaa yalitoka katika eneo moja la madoa ya jua na kufuatana. Wamarekani wakatoa tahadhari ya daraja la nne kati ya matano, ambayo hawakuwa wameitoa tangu 2005, na walistahili sifa kwa hilo. Usiku wa tarehe 10 dhoruba ikafika daraja la tano, la kwanza tangu Oktoba 2003. Kuwepo kwa dhoruba kulijulikana kabla. Ukubwa wake ulithibitika pale vyombo vilipoanza kupima ugasumaku wenyewe.

Vyombo hivyo, ACE kilichorushwa 1997 na DSCOVR kilichorushwa 2015, hukaa pale ambapo mvutano wa jua na wa dunia humwezesha mtu kuegesha chombo kikizunguka jua sambamba na sisi. Piga hesabu mwenyewe: kilomita milioni 1.5 kwa mwendo wa 400 kwa sekunde ni saa moja na dakika mbili tatu. Kwa 800 ni nusu saa. Hiyo ndiyo saa yako moja. Kompyuta hata ikiongezwa nguvu mara elfu haitairefusha. Tena ACE haikai penyewe hasa kwenye mstari wa jua na dunia, bali huzunguka ikiuacha mstari huo kwa umbali unaoweza kupita kilomita laki mbili, kwa hiyo upepo inaoupima si lazima uwe uleule unaotupiga.

Mpimaji_Ruashi (Lubumbashi)

Mimi si mwanafizikia; ni mpimaji wa ardhi kwenye mgodi wa wazi, na habari hizi hunifikia kupitia vipokezi vyetu vya setelaiti. Siku za dhoruba, kipokezi kinachotembea huchelewa kupata nafasi kwa usahihi wa sentimita hata kama kituo cha msingi kiko karibu, na usahihi huo hupotea tena katikati ya kazi, hasa jioni. Sisi tumejiwekea kanuni: tunatazama kipimo cha Kp, kinachoonyesha msukosuko wa ugasumaku wa dunia, ambacho utabiri wake hutolewa kwa siku tatu mbele. Chini ya 5 tunapima, juu ya hapo tunangoja. Je, kipimo hicho hakitoshi hata kwa ncha za dunia? Naona kama Mama ameifanya kazi kuwa ngumu kuliko ilivyo.

Himbi_Geodesia (Goma)

Ndugu Mpimaji, kanuni yenu haina ubaya kwa kupanga kazi ya siku, lakini kwa mada ya kijana wetu haitoshi. Kp, iliyoasisiwa na Julius Bartels mwaka 1949, hutokana na vituo 13 vya kupima ugasumaku ambavyo vingi viko katika latitudo za kati, na hutoa namba moja tu, kati ya 0 na 9, kwa kila saa tatu. Ndani ya saa tatu ugasumaku wa upepo wa jua unaweza kugeuka kusini, ukarudi kaskazini, ukageuka tena. Namba moja kwa sayari nzima haiwezi kukueleza ni upande gani wa ncha uliopata joto, wala kwa kina gani.

Na usidhani kwamba Kp ndogo ni salama. Tarehe 3 Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setelaiti 49 za Starlink na kuziacha kwanza kwenye kimo cha kiasi cha kilomita 210 ili zikaguliwe kabla ya kupandishwa. Siku hizo kulikuwa na dhoruba ndogo, ya aina ambayo haitangazwi hata redioni. Angahewa ya juu ikapata joto, ikatanuka, na ukinzani wa hewa dhidi ya setelaiti hizo ukaongezeka kwa hadi asilimia 50 kuliko katika marusho ya awali, kwa maelezo ya kampuni yenyewe. Setelaiti 38 zikaanguka na kuungua.

Joto hilo linatoka wapi? Hapa ndipo ninapotaka mwanafunzi akae zaidi, kwa sababu vitabu vingi hurukia kwenye mianga ya aurora, ambayo ni mizuri kuitazama, na kupita haraka kwenye joto. Volti alizozieleza Mama husukuma ioni juu ya ncha kwa mwendo unaoweza kufika kilomita moja kwa sekunde na zaidi. Kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 150 hivi, ioni hizo hugongana na hewa isiyo na chaji, ambayo ni nyingi zaidi na haikuwa na nia ya kwenda huko, na kutokana na migongano hiyo hupatikana joto kama lile la waya unaopitisha umeme. Katika dhoruba kubwa joto hili, likijumlishwa na nishati ya chembe zinazonyesha kutoka juu, linaweza kupita lile ambalo mionzi ya urujuanimno ya jua huipa themosfia, yaani hewa ya juu hiyohiyo, ya dunia nzima.

Na joto hilo hufuata mraba wa uga wa umeme, si uga wenyewe. Chukua mfano. Modeli ya wastani inakwambia kwamba mahali fulani uga ni milivolti 40 kwa mita. Mraba wake ni 1,600. Lakini katika hali halisi uga pale ulikuwa 20 kwa nusu ya muda na 60 kwa nusu nyingine. Wastani ni uleule 40, ila wastani wa miraba ni 2,000. Umepoteza moja ya tano ya joto halisi bila kukosea hata hesabu moja. Modeli za takwimu, kama ile ya Daniel Weimer ya 2005 inayotumiwa sana, hukupa ramani laini ya volti za ncha kwa kila hali ya upepo wa jua. Ni nzuri na ya haraka, lakini ulaini huo ndio unaoficha mitikisiko midogo ambayo joto lake halihesabiwi. Watu wa modeli kubwa za angahewa ya juu, kama TIE-GCM ya Boulder, Colorado, wamezoea kuzidisha joto hilo kwa namba fulani ya kurekebisha. Binafsi sipendi namba hizo: zikifaa kwa dhoruba moja, hazifai kwa nyingine, na tena hazimwelezi mtu chochote.

Njia bora ni kuchanganya modeli na vipimo vinavyochukuliwa papo hapo. Kuna mtandao wa rada uitwao SuperDARN, wenye zaidi ya rada 30 kaskazini na kusini, unaopima mwendo wa plazima kwa mawimbi yanayorudishwa na ionosfia; kuna setelaiti zinazopita juu ya ncha; kuna sumaku za ardhini huko Skandinavia, Kanada na Greenland. Mwaka 1988 Arthur Richmond na Yohsuke Kamide walitoa mbinu ya kuviunganisha vipimo hivyo vyote kuwa ramani moja, na mbinu nyingi za leo ni wajukuu wa ile. Lakini angalia: ramani hiyo ni ya sasa hivi, si ya kesho.

Mwanafunzi_Kasapa (Lubumbashi)

Asante sana Mama, asante Ndugu wa Goma. Nimeelewa kwa nini hatuwezi kuvuka saa moja. Sasa nauliza kinyume chake: ndani ya saa hiyo moja, tukiwa na vipimo vyote vya upepo, je, utabiri huwa sahihi? Msimamizi wangu anasema ukishajua kinachoingia, kinachotoka kinafuata chenyewe.

Himbi_Geodesia (Goma)

Mheshimu msimamizi wako, lakini hapo usimfuate. Mfumo huu una kumbukumbu. Nishati inayoingia haiendi yote moja kwa moja kwenye ncha. Sehemu yake huhifadhiwa kwenye mkia wa magnetosfia, upande wa usiku, kisha hufunguliwa kwa ghafla katika tukio ambalo Syun-Ichi Akasofu alilieleza mwaka 1964 kwa kufuatilia mwenendo wa aurora. Mkia ukishajaa tunajua utafunguka; dakika ya kufunguka haijulikani, na dakika hizo ndizo zenye mikondo mikali kuliko yote.

Hewa yenyewe nayo inakumbuka. Ikiisha kusukumwa na ioni kwa saa kadhaa, huendelea kuvuma hata ugasumaku ukigeuka kaskazini. Joto la dhoruba hutengeneza nitriki oksaidi nyingi, na gesi hiyo hupoza themosfia kwa kutoa mionzi ya infraredi. Ndiyo maana baada ya dhoruba nyingine angahewa ya juu hushuka ikawa nyembamba kuliko ilivyokuwa kabla, na dhoruba ya pili ikifuata haraka huikuta hali tofauti na ile ya kwanza. Ongeza majira: mwezi Juni ncha ya kaskazini iko juani na ya kusini iko gizani, kwa hiyo uwezo wa ionosfia kupitisha umeme si sawa, na upepo mmoja hutoa majibu mawili.

Mama_Fizikia_Katuba (Lubumbashi)

Naongeza juu ya swali la pili, kwa sababu nililiruka.

Uga wa umeme wa ncha hupenya hadi latitudo zetu karibu papo hapo, na kutikisa ionosfia ya ikweta ndani ya dakika chache. Joto la ncha nalo huzaa mawimbi makubwa ya hewa yanayosafiri kwa mamia ya mita kwa sekunde kuelekea ikweta, na huvuka huku kwetu baada ya saa tatu au nne hivi. Nyuma yake huja pepo za taratibu zinazobadilisha uwiano wa oksijeni na nitrojeni, na kugeuza mikondo ya umeme ya ikweta kwa siku moja au mbili. Sisi tumekaa vibaya: ikweta ya sumaku barani Afrika hupita kaskazini mwa ikweta ya ramani, na kusini yake kuna ukanda ambao elektroni hurundikana kila alasiri na kuendelea hadi usiku. Goma na Bukavu ziko karibu na ukanda huo, nasi wa Lubumbashi tuko upande wake wa kusini. Jioni ambazo Ndugu Mpimaji analalamikia ndizo saa ambazo rundo hilo hupasuka na kuwa vipande, na mawimbi ya setelaiti yakivipitia hutetemeka. Si kila jioni mbaya ni ya dhoruba. Mara nyingine dhoruba huzuia mpasuko huo badala ya kuuchochea, na kwa hilo kanuni ya "Kp juu ya 5" haimsaidii. Walio na fonia (redio za mawasiliano) vijijini huyaona mabadiliko hayohayo kwa njia nyingine: masafa yaliyokuwa yakisikika vizuri jana saa hii, leo ni ukimya.

Na msimamizi wako ukimpa jibu, mkumbushe jambo la mji huu. Katika Mwaka wa Pili wa Kimataifa wa Ncha, 1932 hadi 1933, vipimo vya ugasumaku vilichukuliwa hapahapa, mji ukiitwa bado Elisabethville, kwa sababu waandalizi walijua kwamba dhoruba ya ncha haieleweki kwa vipimo vya ncha peke yake.

Mpimaji_Ruashi (Lubumbashi)

Mei 2024 hata matrekta ya Marekani yanayoongozwa kwa setelaiti yalipotea njia shambani wakati wa kupanda. Nilidhani ni vifaa vyetu tu. Swali moja kwa Mama: jioni hizo zina msimu?

Mama_Fizikia_Katuba (Lubumbashi)

Zina msimu, Ndugu. Miezi ya Machi na Septemba, pamoja na wiki zinazoizunguka, ndiyo yenye mipasuko mingi katika upande wetu wa Afrika. Tena ndiyo miezi ambayo mlalo wa dunia hufanya ugasumaku wa upepo wa jua upate sehemu ya kusini kwa urahisi zaidi, kama Christopher Russell na Robert McPherron walivyoonyesha mwaka 1973. Kazi inayodai sentimita ipangeni asubuhi katika miezi hiyo.

Himbi_Geodesia (Goma)

Kwa mwanafunzi, neno la kazi. Vipimo vya upepo wa jua vilivyokwisha kusogezwa hadi mbele ya magnetosfia hupatikana bure kwenye hazina ya NASA iitwayo OMNI, na vya Kp viko Potsdam. Kwa msongamano wa hewa ya juu tumia vipimo vya setelaiti za CHAMP (hadi 2010), GRACE (hadi 2017) au Swarm. Usipime modeli yako kwa mwaka mzima, kwa maana siku nyingi za mwaka ni tulivu, na modeli isemayo "leo ni kama jana" itakushinda kwa alama nzuri huku haijui kitu. Chagua dhoruba chache na uzipime saa kwa saa, ukitenganisha ncha ya kaskazini na ya kusini.

Ningeanza na ile ya tarehe 17 Machi 2015. Ilitabiriwa kuwa ya daraja la kwanza, ikafika la nne. Ilikuja kwa awamu mbili, ya kwanza ikiletwa na plazima iliyobanwa mbele ya wingu, na ya pili na wingu lenyewe, kwa hiyo utaweza kuona kama modeli yako inaikuta awamu ya pili ikiwa bado inabeba joto la ile ya kwanza, au inaianza upya kana kwamba hakuna kilichotangulia. Ilitokea karibu na siku ya usiku na mchana kuwa sawa, ncha zote mbili zikipata jua karibu kwa kiasi kimoja, na hilo litakuondolea suala la majira katika hatua ya kwanza. Ukimaliza hapo, chukua dhoruba ya Juni ya mwaka huohuo, ambapo suala hilo lipo lote.